Shajara ya redio: kutoka Kent hadi Maple Valley kwa kupitia Tiger Mountain

Jumapili, 24 Novemba 2024

Umeme umerudi kwa shemeji jana usiku. Dhoruba ya Jumanne tarehe 19 ilikata umeme kwa wateja zaidi ya nusu milioni magharibi mwa jimbo hili la Washington, na kule Maple Valley anakoishi shemeji miti ililalia nyaya mtaa mzima. Sisi huku Kent, chini bondeni, taa zilizimika kidogo zikarudi. Kilichotutesa si giza, ni simu. Mnara wa karibu naye ulipokata, shemeji akawa hapatikani, na dada yake, yaani mama watoto wangu, hakupata usingizi. Kutoka kwetu hadi kwake ni kilomita 15 hivi tu, lakini njia zilikuwa zimefungwa kwa miti.

Leo kaja kula kwetu, na mezani ikazuka hoja ya redio.

"Unasema zile wokitoki za watoto, shemeji?"

"Hapana. Zile hata ng'ambo ya mto hazifiki. Nasema redio za mkononi kama za walinzi, halafu tupitie ripita, ule mtambo wa mahali pa juu unaopokea sauti na kuipaza tena."

"Ripita ya nani?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia anipe wiki moja.

Ijumaa, 29 Novemba

Jibu limepatikana, tena yako mawili. Mtu wa kawaida hapa Marekani ana milango miwili ya kuingilia.

Mlango wa kwanza ni GMRS, huduma ya redio kwa ajili ya watu binafsi na familia zao. Unalipa dola 35, mtihani hakuna, leseni inadumu miaka 10, na leseni moja inafunika familia. Kanuni imeorodhesha nani ni familia: mke, watoto, wazazi, ndugu, shangazi, wajomba, wapwa, na hata wakwe na mashemeji. Niliposoma hapo nilicheka, maana ni mara ya kwanza kuona karatasi ya serikali ya huku inayohesabu ukoo kama tunavyohesabu sisi. Ripita za GMRS zinasemea kwenye megahezi 462 na kusikilizia kwenye 467. Tatizo ni kwamba ni mali ya watu binafsi, na mwenyewe asipokuruhusu hupiti.

Mlango wa pili ni redio ya ridhaa, ya watu wanaorusha kwa kupenda tu, si kwa biashara. Huku unafanya mtihani, kila mtu na wake, na ada ya serikali ni hiyo hiyo dola 35. Ila ukishapita, eneo hili la Puget Sound limejaa ripita zilizo wazi kwa yeyote mwenye leseni. Mbili zimenivutia. Moja ni K7LED, ya klabu ya Mike and Key, iliyoko Tiger Mountain, kwenye megahezi 146.82. Nyingine ni WW7PSR, ya Puget Sound Repeater Group, ya Seattle, kwenye 146.96. Hiyo ya pili ina baraza la hewani kila usiku saa tatu, watu wanajitaja mmoja mmoja na kusema machache. Baraza la kila siku ndilo lililoniamulia. Redio inayokaa kabatini ikingoja maafa, siku ya maafa hakuna anayekumbuka kitufe kipi ni kipi.

Shemeji kakubali kwa ujumbe mfupi: "Mtihani tena? Haya."

Jumamosi, 7 Desemba

Redio zimefika, mbili za Baofeng UV-5R. Ni za bei ndogo, wati 5 kwenye bendi ya mita 2, ndiyo yenye masafa haya ya 146, menyu zake ngumu kidogo, lakini kila swali kuhusu redio hii limeshaulizwa na kujibiwa na mtu fulani duniani.

Kusikiliza hakuhitaji leseni, kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni masikio tu. Nimeandika 146.820 na kukaa nayo jikoni. Mwanzoni kimya. Kisha sauti ya mzee mmoja, anazungumzia kuziba kwa mfereji wa maji kwenye paa lake, na mwenzake anamjibu kutoka mahali ambapo kwa majina ya barabara nadhani ni Tacoma. Mtu wa Tacoma na mtu aliyeko huko kaskazini wanajadili mfereji, na mimi nawasikia wote wawili kwa nguvu ile ile. Hapo ndipo ripita ilipoacha kuwa neno la kitabuni.

Maana masafa haya ya VHF yanakwenda kama macho yanavyokwenda. Kilima kikikaa katikati, umekwisha. Ripita ni kama mtu aliyepanda juu ya mnazi: wewe humwoni jirani wa upande wa pili wa makuti, yeye anawaona nyote, basi unamwambia yeye naye anapaza. Tiger Mountain inafika mita 900 hivi juu ya bahari, na ukiwa huko juu bonde letu lote liko chini ya miguu.

Jambo moja linawachanganya watu, na lilimchanganya shemeji pia nilipomweleza kwa simu. Ripita inapaza papo hapo unapoongea, haihifadhi maneno ikayarudisha baadaye. Kwa hiyo haiwezi kusikilizia masafa yale yale inayosemea, ingejisikia yenyewe tu. Inasikiliza 146.220 na kusema 146.820. Tofauti ya kilohezi 600 ndiyo desturi ya bendi hii, na ni ndogo sana ukizingatia kuwa mtambo unarusha makumi ya wati huku ukitega sikio kwa kijiredio changu cha jikoni. Kinachowezesha ni mapipa ya chuma yaliyopimwa kwa makini, yanayoruhusu masafa haya yapite na kuyazuia yale. Watu wa ripita huyahudumia mapipa hayo kuliko magari yao.

Kisha iko toni. Ukiongea, redio yako inatoa pia mvumo mdogo wa chini ambao msikilizaji kwa kawaida hausikii, kwa ripita hizi mbili ni hezi 103.5. Mtambo usiposikia mvumo huo haufunguki, hata ukipiga kelele vipi. Hivyo kelele za mitambo mingine mlimani hazifungui mlango ovyo.

Kwa hiyo mambo ni matatu: masafa ya kusikilizia, tofauti na upande wake, na toni. Nimeyaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji, mama watoto kauliza kama ni namba za bahati nasibu.

Jumapili, 15 Desemba

Leo nimezunguka na redio mkononi. Nilitaka kujua kwa nini jikoni Tiger Mountain inaingia na mkwaruzo, na kule kazini, kwenye maghala ya upande wa magharibi wa bonde, inaingia safi kabisa.

Sababu nimeiona kwa macho. Nyumba yetu iko karibu na mguu wa East Hill. Kilima chenyewe si kirefu, mita 100 na ushee juu ya bonde, lakini kwa kuwa kiko karibu kinaufunika mlima wote ulio nyuma yake. Ukirudi magharibi kilomita tatu nne, kilima kinashuka machoni na mlima unachomoza juu yake. Mtu angedhani kusogea mbali na ripita ni kupoteza, kumbe hapa ni kupata.

Nimejaribu pia kibarazani kwetu, ghorofa ya tatu. Kwenye kona ya kaskazini mkwaruzo unapungua sana, kwenye kona ya kusini unarudi. Hatua mbili tu. Ukutani pengine kuna vyuma, au wimbi linagonga jengo la jirani na kurudi. Kona ya kaskazini nimeiwekea alama ya chaki.

Ripita ya Seattle nayo inasikika, kwa kuwa bonde limefunguka upande wa kaskazini, lakini kusikia si kusikika. Wao wana antena ndefu mahali pa juu, mimi nina kijiti cha mpira. Hilo litajulikana nikipata ruhusa ya kubonyeza.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mtihani umekwisha, nimepita. Maswali 35, unatakiwa upate 26, na yote yanatoka kwenye hazina ya maswali zaidi ya 400 iliyo wazi kwa kila mtu kusoma. Wasimamizi ni wazee wa kujitolea, mmoja kanipa mkono kama nimeoa.

Jumatano, 22 Januari

Alama yangu ya wito, yaani herufi na namba za kujitajia hewani, imetokea asubuhi hii kwenye hifadhidata ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Siiandiki hapa. Ukiitafuta inakuja na jina na anwani ya posta, na hilo anayejiandikisha alijue mapema. Wengi huweka sanduku la posta badala ya nyumba, na ndivyo nilivyofanya.

Jioni nimeipanga redio kwa mkono bila kompyuta, kwa sababu siku ya giza kompyuta haitakuwepo. Nayaweka hapa kwa utaratibu, shemeji atayahitaji. Kwanza hakikisha uko kwenye hali ya masafa, si ya chaneli, na mshale uko kwenye mstari wa juu. Andika 146820. Menyu ya 13, T-CTCS, chagua 103.5. Menyu ya 25, SFT-D, weka alama ya kutoa. Menyu ya 26, OFFSET, weka ile tofauti isomeke 00.600. Menyu ya 5, ya upana wa mawimbi, iwe WIDE, yaani pana.

Sasa kuhifadhi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Menyu ya 27, chagua namba ya chaneli, thibitisha. Kibibi kilichomo ndani kinatangaza kwa Kiingereza kwamba kumbukumbu ya kupokea imewekwa. Kupokea tu! Ukiishia hapo, chaneli haina habari ya 146.220. Toka kwenye menyu, bonyeza kitufe cha nyota ili masafa yageuke na kioo kionyeshe 146.220, rudi menyu ya 27, chagua namba ile ile ya chaneli, thibitisha tena. Safari hii kibibi kinasema kumbukumbu ya kurusha. Hapo imekamilika. Kwa CHIRP, programu ya bure ya kompyuta, yote haya ni mstari mmoja wa jedwali, na nitaitumia kwa chaneli nyingine, lakini hizi mbili nataka vidole vizijue.

Kupima nako kuna adabu yake. Kubonyeza na kuachia kimya kimya ili usikie tu kama mtambo unaitika, watu wanafanya, lakini kanuni hairuhusu kurusha bila kujitaja. Nikasubiri pakawa kimya, nikabonyeza, nikahesabu moja moyoni ili toni isomwe na mtambo uamke, ndipo nikataja herufi zangu na kusema nipo nasikiliza. Nikaachia. Kwa kitambo kidogo mtambo ukabaki wazi, mkwaruzo wote umefutika, kimya kile cha ripita iliyokushika, kisha kamlio kadogo, kisha tap, ukafunga.

Tiger Mountain imenishika kutoka kona ya chaki. Kutoka jikoni, haikunishika.

Seattle pia haikunishika popote kibarazani.

Jumapili, 26 Januari

Siku ya antena, na siku iliyonipendeza kuliko zote.

Vijiti vya mpira vinavyokuja na redio za mkononi vimefupishwa mno ili vikae mfukoni, na ufupi huo una gharama. Urefu wa asili wa robo wimbi kwa masafa haya ni sentimita 49 hivi. Hesabu yake nyepesi: gawanya 300 kwa 147 upate mita mbili na kidogo, chukua robo, kisha punguza asilimia tano kwa sababu wimbi kwenye waya linakwenda polepole kidogo kuliko angani.

Dawa rahisi kuliko zote ni mkia. Waya mwembamba wa sentimita 49, mwisho mmoja umenyooshwa na kufungwa kwenye pete ya nje ya kiungio cha antena, mwingine unaning'inia chini. Redio ya mkononi inakosa nusu ya pili ya antena, inategemea mwili wako uwe nusu hiyo, na mwili si kitu cha kutegemewa. Kwa mkia tu, bila kubadilisha kingine chochote, jikoni kukafunguka. Gharama yake ni kipande cha waya wa spika mbovu.

Lakini nilitaka zaidi. Nimenunua soketi ya SO-239, ile yenye matundu manne pembeni, na waya mzito wa shaba. Waya mmoja wa sentimita 48.5 nimeulehemu wima katikati. Waya nne za sentimita 51 nimezifunga kwenye matundu kwa skrubu na kuzikunja ziteremke kwa nyuzi 45. Imekaa kama kiunzi cha mwavuli bila kitambaa. Kuziteremsha hivyo si urembo. Zikikaa tambarare ukinzani wa antena unashuka chini ya ohm 50 zinazotakiwa na redio, zikiteremka unapanda hadi karibu na hapo.

Kipimo cha kwanza nguvu nyingi kidogo zilikuwa zikirudi, antena ilikuwa inapenda masafa ya chini zaidi, maana yake ni ndefu. Nikakata milimita chache za waya wa wima, nikapima, nikakata tena. Kwenye 146.5 uwiano wa mawimbi yanayokwenda na yanayorudi, SWR, umetulia chini ya 1.5. Hapo unaweka koleo chini. Wapo wanaoendelea kukata wakitafuta 1.0 mpaka wanabaki na uma wa kulia nyama.

Kebo nimeiweka fupi makusudi, mita 4 za RG-58. Kebo hii nyembamba ina ulafi kwenye VHF. Kwa mita 10 ingemeza theluthi moja hivi ya wati zangu kabla hazijafika nje. Kiunganishi cha kutoka redio kwenda kebo lazima uangalie jinsia: redio hizi zina sindano upande wa redio yenyewe, kinyume na chapa nyingi, na nusu ya viunganishi vya dukani vitakuwa vya upande usiofaa.

Mwenye nyumba hapendi vitu vinavyoning'inia nje. Basi antena inasimama kwenye mti wa fagio ndani ya ndoo ya mchanga, kona ya chaki, na inaingia ndani nikimaliza. Kwa mbali ni kifaa cha kuanikia nguo.

Saa tatu usiku nikaingia Seattle, 146.96, baraza la WW7PSR. Nikangoja nafasi ya wapya, nikajitaja. Mwendesha baraza akanirudia herufi zangu sawasawa na kunikaribisha, akauliza niko wapi na natumia nini. Nikamwambia Kent, bondeni, wati 5 na antena ya waya za shaba kwenye ndoo. Kulikuwa na kicheko hewani.

Jumamosi, 22 Februari

Shemeji kapita mtihani wiki iliyopita na herufi zake zimetoka. Leo kajipangia redio mwenyewe kwa kufuata maelezo yangu ya tarehe 22 Januari, mimi niko Kent na yeye Maple Valley, simu sikioni.

Kwanza tulijaribu moja kwa moja bila ripita, 146.52, masafa ya kuitana. Hakuna kitu, hata kikohozi. Vilima vimesimama katikati kama ilivyotegemewa, ila nilitaka tulione hilo kabla ya siku ya shida, mtu asije akapoteza betri hapo.

Kisha 146.82. Anasema anabonyeza. Mimi kimya.

"Unasikia wengine wakiongea, shemeji?"

"Asubuhi niliwasikia. Sasa siwasikii. Kimya tu."

Hiyo ndiyo iliyonipa fununu. Mtambo haumsikii yeye, na yeye naye hausikii mtambo, ingawa mimi nausikia wazi na watu wanaongea. Toni yake ilikuwa imekaa mahali pasipofaa: kaiweka menyu ya 11, R-CTCS, badala ya 13. Menyu ya 11 inaifunga redio isitoe sauti mpaka isikie toni kutoka kwenye ripita, na si kila ripita inairudisha toni hewani. Menyu ya 13 haikuwa na kitu, kwa hiyo aliporusha, toni haikutoka. Milango yote miwili imefungwa kwa namba sahihi! Akazima ya 11, akaweka 13, akahifadhi upya mara mbili kama inavyotakiwa.

Akabonyeza tena na Tiger Mountain ikamfungukia. Sauti yake ilikuwa inakatika, ndani nje, ndani nje. Nikamuuliza kashikaje redio. Imelala mezani, yeye kaiinamia. Antena za ripita zimesimama wima, na ya kwako lazima isimame hivyo hivyo, ukiilaza unatupa sehemu kubwa ya nguvu. Akaisimamisha, sauti ikanyooka.

Jumapili, 2 Machi

Tumezungumza Kiswahili hewani.

Shemeji alikuwa na wasiwasi kwamba ni kosa. Nikamsomea kanuni. Kifungu cha 97.119 kinataka ujitaje kila baada ya dakika 10 na mwisho wa mazungumzo, na kama unajitaja kwa sauti, iwe kwa Kiingereza. Hiyo ni alama ya wito peke yake. Maneno mengine yawe ya lugha uipendayo. Kilichokatazwa ni mafumbo ya kuficha maana, na Kiswahili si fumbo, mamilioni wanakisema. Pia hakuna biashara: shemeji asitangazie mtu gari lake hewani.

Tukachagua asubuhi, muda ambao masafa hayana watu. Akajitaja kwa Kiingereza, nikajitaja, kisha:

"Shemeji, wanipata?"

"Nakupata, shemeji. Habari za huko?"

"Njema. Mvua tu. Dada yuko?"

"Yuko hapa, anasikiliza. Anauliza kama ulikula zile mbaazi."

"Mwambie zilikwisha siku ile ile."

Mama watoto akataka kuongea. Asiye na leseni anaruhusiwa kuongea mwenye leseni akiwa pale pale anasimamia, basi nikambonyezea kitufe mimi. Akaongea kwa kelele, kana kwamba anaita ng'ambo ya mto. Nikamwashiria apunguze. Akapunguza kwa sentensi moja, akarudi pale pale.

Tuliacha nafasi kila tunapopokezana, pumzi moja baada ya kamlio, ili mwenye dharura apate pa kupenya. Nafasi mojawapo kaingia mzee mmoja, akajitaja, akaomba radhi, akauliza lugha gani hiyo. Nikamjibu. Akasema ni nzuri masikioni, kisha, kama kawaida ya wazee hawa, akahamia kwenye jambo la maana: mimi nasikika vizuri, ila mwenzangu wa Maple Valley sauti yake ni nyembamba na ndogo ingawa mawimbi yake yana nguvu. Aangalie upana.

Menyu ya 5. Shemeji alikuwa na NARR, yaani nyembamba. Akaweka WIDE, akahifadhi, akajitaja tena. Sauti imejaa, mbaazi na mvua vyote vinasikika. Mzee akashukuru akaondoka.

Jumapili, 16 Machi

Mambo ya akiba leo. Kila nyumba ina betri mbili za redio na kasha moja la kutia betri za AA, maana chaja ya ukutani siku ya giza ni pambo. Tumekubaliana utaratibu: umeme ukikatika na simu zikafa, tunawasha redio kwenye kila saa kamili, dakika tano, 146.82 kwanza. Kama Tiger Mountain imenyamaza, 146.96. Kama zote zimenyamaza, kila mtu anapanda mahali pa juu na kujaribu 146.52, mimi East Hill kwa miguu, dakika 30 hivi. Ripita nyingi zina betri za akiba, lakini mtambo ni mtambo na mti ni mti. Kadi yenye namba hizo imefunikwa kwa plastiki na kufungwa kwenye kila redio kwa uzi.

Shemeji anakwenda Tanga mwezi wa saba na aliuliza kama abebe redio yake. Nimemwambia aiache. Leseni ya huku haimpi ruhusa ya kule, Tanzania ina mamlaka yake ya mawasiliano, TCRA, na utaratibu wake. Hata masafa yenyewe hayalingani. Katika kanda ya Afrika na Ulaya bendi hii ya ridhaa inaishia 146, na ripita zinasemea kwenye 145.6 na kwenda juu kidogo. Hizi chaneli zetu mbili zote kule ziko nje ya bendi, na huwezi kujua umemwingilia nani.

Kilichobaki: kibao cha kuikalisha ile ndoo isiyumbe kwa upepo, na kusikiliza 147 na kitu kuona kama kuna ripita nyingine inayofika kwa shemeji. Mama watoto kakataa mtihani kabisa, lakini redio kaipenda, na watoto wanataka ya kwao. Fomu ya GMRS iko wazi kwenye kompyuta, imefika ukurasa wa malipo.